Tuzo Si ya Wote: Historia ya Queen's Royal College, Trinidad

Tarehe 11 Novemba 1902, Sir Courtenay Knollys, aliyekuwa akikaimu ugavana wa Trinidad, aliweka jiwe la msingi la shule ya sekondari ya wavulana katika Barabara ya Maraval mjini Port of Spain, pembeni mwa uwanja mpana wa Queen's Park Savannah. Miezi minne baadaye, tarehe 23 Machi 1903, umati ulikusanyika katikati ya mji huohuo, nje ya jengo la serikali liitwalo Red House, kupinga muswada wa maji. Mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, watu 16 wakapoteza maisha na jengo likateketea. Ujenzi wa shule haukusimama. Tarehe 25 Machi 1904, mwaka mmoja na siku mbili baada ya damu ile, Gavana Sir Alfred Moloney alifungua rasmi jengo jipya la Queen's Royal College.

Michoro ya shule ilikuwa ya Daniel Meinerts Hahn, mchoraji mkuu wa Idara ya Kazi za Umma. Huyohuyo ndiye aliyechora Red House iliyojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1907, ambayo baadaye ilikuja kuwa makao ya Bunge la nchi huru. Nimeanza na mambo haya mawili kwa pamoja kwa sababu shule hii haielezeki ukiitenga na mji ulioizunguka. Koloni lililoshindwa kuelewana na watu wake juu ya maji ya kunywa lilikuwa na pauni 15,000 za kujengea vyumba sita vya madarasa, kila chumba wavulana 30. Hao ni wavulana 180 katika nchi iliyokuwa na watu zaidi ya robo milioni.

Kaulimbiu ya shule, iliyoandikwa kwa Kilatini, yasema kwamba wote hushindana, lakini tuzo si ya wote. Shule nyingi hujipamba kwa maneno ya nuru, hekima na utumishi. Hii ilisema kweli tupu juu ya namna koloni lilivyogawa elimu, na wavulana waliovaa beji yake waliielewa kweli hiyo kabla hawajafundishwa kusoma Kilatini chenyewe.

Chimbuko la shule ni la miaka 45 kabla ya jengo hilo. Waingereza waliitwaa Trinidad kutoka kwa Wahispania mwaka 1797, lakini wenye mashamba na wenye sauti katika kisiwa walikuwa kwa sehemu kubwa Wafaransa Wakatoliki, na lugha ya mitaani ilikuwa Kifaransa cha watumwa na wajukuu wao. Watumwa walipata uhuru kamili mwaka 1838. Kuanzia 1845 meli zikaanza kushusha vibarua wa mkataba kutoka India, na hadi utaratibu huo ulipokomeshwa mwaka 1917 walikuwa wameletwa watu wapatao 144,000. Serikali ya Kiingereza ilijikuta inatawala kisiwa ambacho hakikuwa cha Kiingereza kwa dini, kwa lugha wala kwa desturi. Mwaka 1859 ikaanzisha Queen's Collegiate School, shule ya sekondari isiyofundisha dini ya madhehebu yoyote, iliyofuata mtaala wa shule za Uingereza: Kilatini, Kigiriki, hesabu, historia ya Waingereza. Nia ilikuwa kuwalea vijana wa tabaka la juu, wa Kiingereza na wa Kifaransa, wawe raia wa Malkia kwa fikra na kwa lugha.

Wakatoliki hawakukubali. Mwaka 1863 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walifungua shule yao, St. Mary's College, katika mji uleule. Msomaji wa Afrika Mashariki analijua shirika hili. Mwaka huohuo wa 1863 mapadre wake walifika Zanzibar, na mwaka 1868 wakavuka bahari kuanzisha misheni ya Bagamoyo. Kwa hiyo ushindani ambao umeipa Port of Spain joto kwa zaidi ya karne moja na nusu, kati ya shule ya serikali na shule ya mapadre, una ndugu zake kwenye pwani yetu.

Mwaka 1869 serikali ilimleta Patrick Keenan, mkaguzi wa shule kutoka Ireland, achunguze elimu ya kisiwa. Matokeo yake yalikuwa mapatano ya mwaka 1870: shule ya serikali ikaundwa upya kwa jina la Queen's Royal College, na St. Mary's ikaunganishwa nayo, ikipata ruzuku na haki ya wanafunzi wake kushindania tuzo zilezile. Chuo kipya hakikuwa na nyumba ya maana. Kwa miaka mingi kiliendesha masomo katika jengo la Prince's Building, lililokuwa limejengwa kwa ajili ya sherehe za kumkaribisha mwana wa Malkia Victoria. Shule iliyojiona kuwa kilele cha elimu ya koloni ilifundishia katika ukumbi wa karamu hadi Hahn alipomaliza kazi yake mwaka 1904.

Na kazi hiyo ni nzuri kweli. Jengo lina mtindo wa Kijerumani wa zama za mwamko, kuta zake zimechanganya mawe ya chokaa ya rangi ya samawati na saruji yenye wekundu, baraza zake ni pana za kukabili jua la tropiki, na katikati unasimama mnara. Saa ya mnara iliwekwa mwaka 1913, zawadi ya mfanyabiashara William Gordon Gordon. Ukitoka kusini kwenda kaskazini kando ya Savannah, shule ndiyo ya kwanza katika safu ya majumba saba ya fahari yaliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, mengine yakiwa makazi ya matajiri na ya maaskofu. Majumba ya wenye mashamba ya kakao na wafanyabiashara yalibadili wenyewe na matumizi mara nyingi. Shule imebaki shule.

Namna ya kuingia ndiyo kiini cha historia yote hii. Mwenye uwezo alilipa ada. Asiye na uwezo alikuwa na njia moja tu: mtihani wa kutafuta nafasi chache za bure zilizotolewa kila mwaka kwa watoto wa shule zote za msingi za kisiwa. C. L. R. James, aliyezaliwa mwaka 1901 na kukulia Tunapuna, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, aliandika baadaye kwamba katika utoto wake nafasi hizo zilikuwa nne. Nne, kwa kisiwa kizima. Mwalimu wa kijijini aliyebahatika kupata mtoto mwepesi alimfundisha kwa miaka, saa za ziada, Jumamosi, likizo, kwa ajili ya asubuhi moja ya mtihani. Mtoto akishinda, mwalimu alipata jina. Akishindwa mpaka umri ukapita, hapakuwa na njia nyingine.

Na ndani ya shule mashindano yalianza upya. Mwishoni mwa safari palikuwa na Ufadhili wa Kisiwa, ambao James aliukumbuka kuwa wa wavulana watatu kwa mwaka, pauni 600 kila mmoja, ukigombewa na Queen's Royal College na St. Mary's. Aliyeupata alikwenda Uingereza akarudi daktari au wakili, yaani mtu asiyehitaji kumwomba Mzungu kazi. Mtihani uliowachuja ulitoka Cambridge. Trinidad ndiyo iliyokuwa kituo cha kwanza cha mitihani ya Cambridge nje ya Uingereza, mwaka 1863, miongo mingi kabla majibu ya watahiniwa wa shule za Alliance, Kenya, na Tabora, Tanganyika, hayajaanza kusafirishwa kwa meli kwenda kusahihishwa hukohuko. Wazee wetu waliofanya mtihani wa Cambridge wakiwa hawajawahi kuiona theluji wala reli za London walizoulizwa, walitanguliwa na wavulana wa Port of Spain.

James alishinda nafasi ya bure akiwa na umri wa miaka tisa, mdogo kuliko wote waliowahi kuipata, akaanza shule mwaka 1911. Kila mtu nyumbani alikuwa tayari amemwona mbele ya macho akirudi kutoka Ulaya na shahada. Yeye akawa na mambo mengine. Alicheza kriketi mpaka jioni. Akarukia fani ya kuruka juu, akashikilia rekodi ya Trinidad kuanzia 1918 hadi 1922, futi tano na inchi tisa. Na alisoma riwaya za Kiingereza bila kikomo; kitabu cha Thackeray, *Vanity Fair*, alikirudia tangu utotoni hadi akawa anakijua kwa moyo. Ripoti zake za masomo zilimtia baba yake uchungu, na Ufadhili wa Kisiwa hakuupata. Kwa kipimo cha kaulimbiu ya shule, mtu aliyekuja kuwa mwanafikra mkubwa kuliko wote waliopita pale alikuwa mmoja wa walioshindwa.

Mwalimu mkuu wa enzi hizo alikuwa William Burslem, mhitimu wa Cambridge, na karibu walimu wote walikuwa Waingereza wa Oxford na Cambridge. Katika *Beyond a Boundary*, kitabu chake cha mwaka 1963, James aliwaeleza kwa heshima ambayo imewashangaza wasomaji wengi. Hakusema walimdharau kwa weusi wake. Alisema darasani wavulana walidanganya na kuibiana majibu bila haya, lakini wakifika uwanjani, weupe, weusi, Wahindi, Wachina, wote walitii uamuzi wa mwamuzi bila neno, wakampigia makofi mpinzani aliyecheza vizuri, wakaficha uchungu wa kushindwa. Uwanja wa nyuma ya lile jengo ulikuwa mahali pekee katika koloni ambapo sheria ilikuwa moja kwa wote. Alipohitimu na kutoka nje ya geti ndipo alipoona kwamba mji haukuwa na sheria hiyo. Vilabu vya kriketi vilipangwa kwa rangi ya ngozi: cha weupe, cha wenye rangi ya maji ya kunde, cha weusi. Yeye mwenyewe alichagua klabu ya Maple, ya watu wa rangi ya kati, badala ya Shannon ya weusi wa tabaka la kati la chini, na alikiri baadaye kwamba uchaguzi ule ulimchelewesha kisiasa kwa miaka.

Ninaamini hapa ndipo ilipo maana ya shule hii, kuliko katika orodha ya washindi. Iliwafundisha wavulana wachache kuamini haki kwa uzito, kisha ikawatoa kwenye nchi isiyoitenda. Wengi wao walizoea, wakawa makarani na mahakimu wema. Wachache hawakuzoea.

James alirudi kufundisha palepale aliposoma. Mwaka 1931, mtaalamu mmoja Mwingereza wa mimea katika chuo cha kilimo cha kisiwa, Sidney Harland, alipoandika katika jarida la *The Beacon* kwamba mtu mweusi ana akili pungufu kwa asili, James alimjibu katika jarida hilohilo, hoja kwa hoja, kwa mantiki na takwimu, akimwonyesha mtaalamu huyo kwamba hakufanya hata hesabu yake sawasawa. Alikuwa mwalimu mweusi wa sekondari, asiye na shahada. Mwaka uliofuata alipanda meli kwenda Uingereza.

Miongoni mwa wanafunzi waliopitia mikononi mwake alikuwamo kijana aitwaye Eric Williams. Alizaliwa mwaka 1911, mkubwa katika watoto 12 wa karani wa posta ambaye hakupandishwa cheo kwa kukosa rangi, pesa na elimu. Williams naye aliingia kwa nafasi ya bure. Aliumia akicheza mpira wa miguu shuleni, na kutokana na jeraha hilo usikivu wake uliharibika. Kifaa cha kusikilizia alichovaa sikioni kikaja kuwa sehemu ya sura yake iliyojulikana na kila mtu. Mwaka 1931 alishinda Ufadhili wa Kisiwa. Baba yake alitaka asome udaktari. Yeye akachagua historia, akaenda Oxford, akapata daraja la kwanza mwaka 1935 na udaktari wa falsafa mwaka 1938.

Tasnifu yake ilipinga hadithi ambayo yeye na wenzake waliisomea mtihani katika vyumba vya Barabara ya Maraval, kwamba Uingereza ilikomesha utumwa kwa huruma. Williams alionyesha kwamba utumwa ulikomeshwa pale mashamba ya miwa yalipopungua faida na mfumo mpya wa viwanda ukahitaji biashara ya namna nyingine. Kitabu kilichotokana nayo, *Capitalism and Slavery*, kilitoka Marekani mwaka 1944. James, aliyekuwa London wakati mwanafunzi wake wa zamani yuko Oxford, alikuwa akimalizia *The Black Jacobins*, historia ya mapinduzi ya watumwa wa Haiti, iliyotoka mwaka 1938. Alisema miaka ya baadaye kwamba wazo la tasnifu lilizaliwa katika mazungumzo yao. Wanahistoria wamebishana juu ya deni hilo hadi leo, lakini hakuna anayebisha kwamba vitabu viwili vilivyobadili historia ya utumwa viliandikwa na mwalimu na mwanafunzi wa shule moja ndani ya miaka sita.

Miaka hiyohiyo ya London ndipo James alipokutana na Afrika yenyewe. Mussolini alipoikodolea macho Ethiopia mwaka 1935, iliundwa jumuiya ya marafiki wa Abisinia. James alikuwa mwenyekiti, na Jomo Kenyatta katibu. Pamoja nao alikuwapo George Padmore, rafiki yake wa utotoni kutoka Trinidad, aliyesoma kwa wapinzani, St. Mary's. Wavulana waliorushiana kelele uwanjani Port of Spain walijikuta wamekaa meza moja na mtu ambaye angekuja kuwa rais wa kwanza wa Kenya.

Williams alirejea kwao, akafanya kazi katika Tume ya Karibi, na ilipokataa kumwongezea mkataba mwaka 1955 akaenda kuongea na wananchi katika uwanja wa Woodford, mbele ya Red House ile ya Hahn. Maelfu walikuja kusikiliza mihadhara ya historia wakiwa wamesimama. Watu wakauita uwanja ule chuo kikuu. Mimi sioni tukio jingine katika maisha yake lililoilipia Queen's Royal College kwa haki kuliko hilo: elimu iliyokuwa ya wavulana 180 ilifunguliwa hadharani, bure, kwa muuza matunda na kuli wa bandarini. Januari 1956 chama chake kilizinduliwa. Septemba kikashinda uchaguzi. Agosti 1962 Trinidad na Tobago ikawa huru, na siku ya kuamkia uhuru Williams aliwaambia watoto wa shule waliokusanyika Queen's Park Oval, hatua chache kutoka shule yake ya zamani, kwamba wamebeba mustakabali wa taifa ndani ya mikoba yao ya shule.

Kiongozi wa upinzani siku hiyo alikuwa Rudranath Capildeo, mwanahisabati, Mhindi wa ukoo maarufu wa Chaguanas. Naye alisoma Queen's Royal College, naye alishinda Ufadhili wa Kisiwa, mwaka 1938. Serikali na upinzani wa nchi mpya, yaani wawili waliokwenda London mwaka 1962 kujadili katiba huku mitaa ya nyumbani ikitishiwa na ugomvi wa Waafrika na Wahindi, walipitia geti moja. Wapo wanaoona katika hilo fahari. Mimi naona fahari na onyo pamoja. Nchi yenye watu zaidi ya laki nane ilikuwa ikiokota viongozi wake wote kutoka katika kapu moja dogo.

Uhusiano wa James na Williams haukuwa na mwisho mwema. James alirudi Trinidad mwaka 1958, akahariri *The Nation*, gazeti la chama cha Williams, na mwaka 1960 wakaachana. Mwaka 1965 alikuja kuripoti mechi za kriketi kati ya West Indies na Australia, serikali ya mwanafunzi wake ikamweka katika kizuizi cha nyumbani. Ofisi ya Waziri Mkuu wakati huo ilikuwa Whitehall, mojawapo ya yale majumba saba, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka kwenye darasa walimofundishana.

Mwanafunzi mwingine ninayepaswa kumtaja aliingia miaka kumi na zaidi baada ya Williams kutoka. V. S. Naipaul, mpwa wa Capildeo, alizaliwa Chaguanas mwaka 1932, akashinda nafasi ya bure, kisha ufadhili wa serikali uliompeleka Oxford mwaka 1950. Hakurudi kuishi. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake ya mwaka 1961, *A House for Mr Biswas*, ina sura zinazomfuata mtoto Anand akiandaliwa kwa mtihani wa nafasi za bure: masomo ya ziada kabla na baada ya shule, maziwa na plamu kavu za kumtia nguvu ya ubongo, familia nzima ikishikilia pumzi kungoja majina gazetini. Sijui maandishi mengine yanayoueleza mtihani wa mtoto kwa upole na ukatili wa namna ile. Mwaka 1966 Naipaul alikuwa mwandishi mgeni Makerere, na mwaka uliofuata akatoa *The Mimic Men*, ambamo msimulizi anaikumbuka shule ya kikoloni ya kisiwa cha kubuni iliyowafanya wavulana waone aibu kwa kila kilichokuwa chao. Naipaul aliichukulia elimu ile kuwa jeraha, James akaiona silaha. Wote wawili walifunzwa ndani ya kuta zilezile, na sidhani mmoja wao alikosea.

Wasichana hawakuwapo katika hadithi hii hata kidogo. Masista wa St. Joseph walikuwa na shule mjini tangu 1836, na Waanglikana wakafungua Bishop Anstey mwaka 1921, lakini shule ya sekondari ya serikali yenyewe, iliyolipiwa na kodi ya baba na mama, ilikuwa ya wavulana na imebaki hivyo. Ni nusu ya watoto wa kisiwa walioachwa nje hata kabla ya mtihani kupangwa.

Williams aliujua ubaya wa mfumo uliomlea. Kitabu chake juu ya elimu katika visiwa vya Waingereza vya Karibi, chenye dibaji ya John Dewey, kililaumu shule zilizowafundisha watoto wa miwa na kakao mambo ya nchi nyingine. Serikali yake ilifuta ada katika sekondari, na kuanzia mwaka 1961 ukaanzishwa mtihani wa pamoja wa kuingilia, ili nafasi zisiwe tena za wachache. Shule mpya zilijengwa kwa wingi miaka ya 1970. Mwaka 1972 nchi za Karibi zilizotawaliwa na Uingereza ziliunda Baraza la Mitihani la Karibi, na mwaka 1979 wanafunzi wakafanya mitihani yake ya kwanza. Tanzania ilikuwa ikipita njia hiyohiyo, ikianzisha Baraza lake la Mitihani mwaka 1973. Waandishi wa Karibi waliingia kwenye orodha ya vitabu vya mtihani, wakiwamo wahitimu wa shule hii hii, ambao enzi zao wasingeruhusiwa kusoma chochote cha nyumbani.

James, mzee sasa, alikuwa akitazama Afrika Mashariki. Alipochapisha upya mwaka 1969 historia yake ya maasi ya Waafrika, aliongeza sehemu inayolisifu Azimio la Arusha na andiko la Mwalimu Nyerere, *Elimu ya Kujitegemea*, la mwaka 1967. Aliona ndani yake jambo ambalo wanafalsafa wa Ulaya hawakulifikia: shule inayopangwa kwa ajili ya wengi watakaobaki kijijini, isiyoishi kwa ajili ya wachache watakaoondoka. Haya aliyasema mtu aliyeshinda moja ya nafasi nne. Alikuwa pia miongoni mwa walioanzisha wito wa Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, lililofanyika Dar es Salaam Juni 1974, ingawa mwenyewe hakuhudhuria, kwa sababu vyama vya upinzani vya Karibi vilizuiwa. Alifariki London mwaka 1989 na kuzikwa Tunapuna.

Shule haikuishi kwa vitabu pekee. Jeffrey Stollmeyer alitoka pale akawa nahodha wa West Indies katika kriketi; Deryck Murray, mlinda wiketi, aliitwa kwenye ziara ya Uingereza ya 1963 akiwa kijana mbichi na baadaye akabeba Kombe la Dunia mara mbili, 1975 na 1979. Wendell Mottley alipata medali ya fedha ya mita 400 Tokyo mwaka 1964, kisha miaka ya 1990 akawa Waziri wa Fedha. Geoffrey Holder alikwenda New York kucheza dansi na kubuni mavazi ya jukwaani. Lloyd Best, mchumi, alitumia maisha yake kuwasihi Wakaribi waache kufikiri kwa vichwa vya kuazima. Peter Minshall, mbunifu wa mavazi ya Kanivali, aliwafanya maelfu ya watu wa kawaida kuwa mchoro unaotembea katika Savannah iliyo mbele ya shule yake, na alitumika katika ufunguzi wa Olimpiki za Barcelona 1992 na Atlanta 1996. Msimu wa mpira ukifika, pambano dhidi ya St. Mary's bado linaijaza Port of Spain kelele.

Lakini katika orodha ya ufadhili wa kitaifa wa kila mwaka, jina la Queen's Royal College halitawali tena. Sehemu kubwa huenda kwa shule za madhehebu, za Wakatoliki, Wapresbiteri na Wahindu, nyingi zikiwa za wasichana. Sababu mojawapo ni mapatano ya mwaka 1960 kati ya serikali na dini, yanayoziachia shule za madhehebu kuchagua zenyewe asilimia 20 ya wanafunzi wapya na kushikilia utamaduni wao. Shule ya serikali hupangiwa wanafunzi wote na Wizara. Wapo wahitimu wa zamani wanaolia kwamba heshima imeshuka. Siungani nao. Kisiwa ambacho wasichana wa Tunapuna na Chaguanas wanawashinda wavulana wa Barabara ya Maraval kwenye mtihani wa wazi ni kisiwa kilichofanya kile ambacho Williams aliahidi. Lililo la haki kudai ni kwamba serikali iliyoirithi shule hii iitunze sawasawa, mawe yake na maabara zake, maana hakuna askofu wala baraza la wazee wa dini wa kuisemea.

Tangu mwanzo wa karne hii kila mtoto wa Trinidad na Tobago anayemaliza shule ya msingi hupangiwa sekondari. Mtihani wa kuingilia umebaki, kwa jina jipya tangu 2001, na sasa hauamui tena nani atasoma, huamua atasoma wapi. Wazazi bado hulipia masomo ya ziada, na watoto wa miaka 11 bado huamshwa alfajiri.